Seti ya rangi za akriliki kwenye chupa: nyota 3, na nusu ya kosa ni langu

Jamani hii seti nimekaa nayo miezi minne, nimeshapaka chupa 13, kwa hiyo siongei kwa kubahatisha. Ni ile ya vikopo 12 na brashi 3, kwenye boksi wameandika inafaa mbao, turubai, udongo na kioo. Hapo kwenye kioo ndo nina neno.

Chupa ya kwanza niliipaka siku ileile seti ilipofika. Nikaisuuza na maji tu nikaifuta nikapiga koti mbili nene za bluu, yaani tabaka mbili za rangi, ikapendeza, nikaiweka juu ya kabati nikaipiga na picha kabisa. Siku ya tatu nikaishika nitoe vumbi, rangi ikaanza kubanduka kama gamba la nyoka, unavuta kidogo inakuja yote. Nikakasirika, kichwani nishawapa nyota moja.

Kumbe kioo hakinywi rangi. Mbao inainyonya, kioo kinaibeba tu juu, sasa kama katikati pana mafuta ya vidole au mabaki ya gundi ya lebo basi rangi inashika uchafu, haishiki chupa. Hilo kosa langu. Ila na wao wamechangia, maana hii ni akriliki ya kawaida, ziko za kioo zenyewe zinazoshika vizuri zaidi, na kama unaandika "kioo" kwenye boksi basi mwambie mtu kwamba aanze na praima, ile ya kupaka chini kwanza ili rangi ishike. Kikaratasi cha maelekezo hakina hata neno moja la kuosha chupa!

Sasa hivi naloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni na baking soda, nusu saa hivi, lebo za karatasi zinatoka zenyewe. Za plastiki zinasumbua, na ile gundi inayobaki inanata naisugua kwa mafuta ya kupikia niliyokoroga na baking soda ikawa uji mzito, halafu naosha tena na sabuni mara mbili maana mafuta yakibaki umerudi kulekule. Ikikauka nafuta na spiriti kwa pamba, na kuanzia hapo siigusi tena tumboni, nachomeka mpini wa mwiko mdomoni mwa chupa nashikia hapo. Ukiniona utacheka, lakini tangu nianze hivyo haijabanduka hata moja.

Kupaka, achana na brashi kwenye koti la kwanza. Chukua kipande cha sponji uwe unagonga gonga kidogo kidogo, itatoka na mawingu mawingu vibaya mno utatamani kuacha, usiache, subiri ikauke kabisa ndo upige la pili, ukiwahi tu la juu linang'oa la chini. Koti tatu nyembamba zinatosha kwa nyeupe, nyeusi na bluu. Njano na nyekundu za hii seti ni nyepesi sana, chupa inaonekana hadi ukate tamaa, mimi naanza na nyeupe chini ndo zinatulia. Mistari naweka tepu ya karatasi, naibandua rangi ikiwa bado na unyevu, ukisubiri ikauke inaondoka na kingo.

Brashi ndogo ni nzuri, inachora majani na vidoti safi. Zile mbili kubwa zinamwaga nywele kwenye rangi, nimezitupa.

Watu wanaongelea kuchoma kwenye oveni. Hii seti haijasema inachomwa kwa hiyo sijachoma. Kama yako imeandikwa hivyo fuata joto na dakika walizoandika, ila chupa iingie oveni ikiwa ya baridi na ipoe humohumo, kioo kikishtuka kinapasuka. Zangu nimeziacha wiki 3 ndo nikapiga vanishi, maana rangi kukauka mkononi sio kukomaa.

Nimejaribu pia kumimina rangi ndani, unaizungusha chupa mpaka ienee halafu unaigeuza usiku kucha ichuruzike. Aisee hii ndo nimeipenda kuliko zote, nje inabaki kioo kinachong'aa na hakuna wa kuikwaruza. Inakula rangi kweli, kikopo karibu kizima kwa chupa moja. Na usiweke maji! Niliweka maua mabichi, baada ya siku mbili maji yakawa na vipande vya rangi vinaelea. Ya ndani weka maua makavu, au kijichupa kidogo cha maji humo ndani kama mdomo unaruhusu.

Nyota 3. Moja nimekata kwa ajili ya boksi, nyingine kwa njano, nyekundu na zile brashi. Kopo la nyeupe nimeshamaliza, ningekuwa nanunua upya ningechukua nyeupe kubwa peke yake na praima. Ile chupa ya kwanza nimeimenya yote, iko kwenye beseni inaloweka.