Fidia ya Sikio Linalotoa Usaha: Tathmini ya Huduma kwa Maveterani wa Marekani

Mume wangu aliingia Jeshi la Marekani kupitia MAVNI, mpango uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2008 wa kuwaandikisha wageni wenye vibali halali waliojua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Alipotoka jeshini, kiwambo cha sikio lake la kushoto kilikuwa kimetoboka na usaha haukomi. Kwa miaka mingi kazi yangu ya kwanza asubuhi imekuwa kuvua foronya ya mto wake yenye doa la manjano na harufu isiyoondoka kwa sabuni ya kawaida. Nawaandikia wenye mgonjwa kama wangu, baada ya kuipitia huduma ya fidia ya ulemavu ya Idara ya Masuala ya Maveterani tangu fomu ya kwanza hadi malipo.

Sheria yenyewe naipa alama za juu. Kuomba ni bure, kwa fomu 21-526EZ, na anayetangulia kutoa taarifa kwamba ana nia ya kuomba hupata mwaka mzima wa kukusanya nyaraka bila kupoteza tarehe ya kuanza kuhesabiwa malipo. Kwa kawaida hutakiwa kuonyesha ugonjwa ulionao sasa, jambo lililokupata jeshini, na maelezo ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Daktari halazimiki kuwa na uhakika kamili. Inatosha akiona uwezekano kwamba chanzo ni jeshi unalingana na uwezekano kwamba sicho. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, anayepewa haki ni veterani. Nimehangaika na ofisi nyingi maishani, na kanuni yenye utu kiasi hicho sijaizoea.

Ugumu uko kwenye jedwali la viwango, yaani asilimia za ulemavu zinazoamua malipo. Ugonjwa sugu wa usaha katika sikio la kati hupewa asilimia 10, lakini kwa kipindi ambacho usaha unatoka au kuna kinyama kilichoota ndani ya sikio. Kiwambo kilichotoboka, peke yake, hupewa asilimia 0. Sifuri hiyo haileti fedha, ila ina maana kwamba ugonjwa umetambuliwa kuwa wa jeshini na matibabu yake ni bure, kwa hiyo asiidharau mtu.

Hapo ndipo tulipoumia. Siku ya uchunguzi wa ombi letu, katika kliniki yenye mkataba na Idara ambayo sitaitaja, mume wangu alikuwa ametoka kumaliza dawa ya matone na sikio lilikuwa limekauka. Mchunguzi alichungulia kwa muda usiotosha kumenya chungwa, akaandika kwamba hakuna usaha, wala hakuuliza hutoka mara ngapi kwa mwaka. Alipomuuliza hali, mume wangu alijibu "nzuri", kama tulivyolelewa kujibu, na neno hilo likaingia kwenye ripoti. Tukapata sifuri.

Mwakilishi wa maveterani ndiye aliyetueleza kwamba mwaka 1994, katika shauri la Ardison, mahakama ya rufaa za maveterani iliamua kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka uchunguzwe wakati umeamka. Kabla ya mwaka kwisha tangu uamuzi wa sifuri, jambo linalolinda tarehe ya awali, tuliwasilisha fomu 20-0995, ya ombi la nyongeza lenye ushahidi mpya, pamoja na kumbukumbu za daktari wa masikio, pua na koo, daftari langu la siku ambazo usaha ulitoka, na ushahidi wangu wa maandishi kwenye fomu 21-10210, kwa kuwa mke naye anaruhusiwa kueleza anachokiona nyumbani. Sasa analipwa asilimia 10 kwa usaha na 10 kwa mvumo wa masikioni, ambao ni kiwango kimoja tu hata ukivuma katika masikio yote mawili. Jedwali la kujumlisha hutoa 19, kwa kuwa asilimia 10 ya pili huhesabiwa kwenye 90 zilizobaki, nayo hukadiriwa kuwa 20: kwa viwango vya mwaka 2025 ilikuwa dola 346.95 kwa mwezi, bila kodi.

Usikivu hupimwa na kukadiriwa peke yake, na hapa wenzetu wasikilize kwa makini. Sehemu ya kipimo ni kurudia maneno ya Kiingereza yanayochezwa kwenye kifaa. Kanuni inamruhusu mpimaji kuthibitisha kwamba kipimo hicho hakifai kwa sababu ya ugumu wa lugha, kisha hutumika jedwali la kipimo cha milio tupu isiyo na maneno. Ukitatizwa na matamshi, mwambie mpimaji hapo hapo.

Msaada wa wawakilishi wa mashirika ya maveterani kama DAV au American Legion ni wa bure, na sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa ombi la kwanza. Anayekudai asilimia ya malipo yako kabla ya uamuzi wowote kutoka, usimpe nyaraka zako.