Uzoefu wangu na apt: kuweka ni rahisi, kuondoa kunataka macho

Natumia apt, chombo cha amri cha kuweka na kuondoa programu, kwenye Debian 12 na Ubuntu (mifumo ya Linux), kompyuta za mezani na seva. Upande wa kuweka programu sina malalamiko. `sudo apt update` (sudo hukupa mamlaka ya msimamizi, update husasisha orodha ya vifurushi), kisha `sudo apt install vlc`, na vifurushi vyote ambavyo VLC, kicheza video, inavitegemea vinakuja vyenyewe. Ukiruka `update`, apt inaweza kwenda kutafuta toleo ambalo seva ya vifurushi imeshalifuta, nawe ukapata kosa la 404. Usilaumu mtandao: orodha iliyo kwenye mashine yako ndiyo imechakaa.

Mwenye bando dogo asome mstari wa "Need to get", unaotaja ukubwa wa upakuaji, kabla ya kubonyeza Y. Ila apt haiulizi kitu inapoweka kile tu ulichoomba bila cha ziada, hata kiwe kikubwa vipi, kwa hiyo tanguliza `apt show vlc` uone "Download-Size". `--no-install-recommends`, inayoacha vifurushi vinavyopendekezwa tu, inapunguza mzigo, mradi ujue unachoacha: kwa VLC unakosa `vlc-l10n`, yenye tafsiri za menyu, na `vlc-plugin-samba`, ya kufungua video zilizo kwenye folda za Windows mtandaoni.

Kwenye kuondoa ndiko watu wanakoumia. `apt remove` huacha mipangilio ya `/etc` makusudi, uikute ukirudisha programu. Ndiyo maana mtu anaondoa nginx (seva ya wavuti) iliyovurugika, anaiweka upya, na kosa liko palepale. Hata `sudo apt purge nginx`, amri ya kuondoa pamoja na mipangilio, peke yake haisaidii, kwa sababu faili za `/etc/nginx` ni mali ya kifurushi kingine, `nginx-common`. Taja vyote viwili. Na ukifuta faili hizo kwa mkono, kuweka upya kwa `--reinstall` hakutazirudisha, maana dpkg, chombo kinachofanya kazi chini ya apt, inaheshimu uamuzi wako. Inabidi uongeze `-o Dpkg::Options::="--force-confmiss"`. Mantiki ipo, lakini nani angeotea!

Mabaki ya mipangilio ya programu ulizoondoa zamani yanaonekana kwa `dpkg -l | grep ^rc`, na `sudo apt purge '~c'` huyasafisha yote. Yaliyo ndani ya `~/.config`, mipangilio yako binafsi, hayaguswi, futa mwenyewe. Ukifanya purge ya MariaDB (programu ya hifadhidata) utaulizwa kama hifadhidata nazo zifutwe. Uwe na nakala kabla ya kujibu.

Kabla ya kuondoa chochote, endesha `apt remove -s jina`, ambayo huonyesha tu kitakachoondoka bila kuondoa kitu, na haihitaji hata sudo. Ukiona python3 inaondoka na nusu ya mazingira ya mezani, acha kabisa. `autoremove` nayo huondoa vilivyoletwa na vingine na ambavyo havihitajiki navyo tena. Kama kuna kimoja unakitumia, kilinde kwa `sudo apt-mark manual jina`.

Ujumbe wa kufuli la `/var/lib/dpkg/lock-frontend` (kwamba mchakato mwingine unatumia dpkg) mara nyingi ni unattended-upgrades, huduma ya masasisho ya kiotomatiki, inafanya kazi yake. Subiri imalize. Ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa `rm` umezagaa kila mahali na ni mbaya: michakato miwili ikiandika kwa pamoja, kumbukumbu za dpkg zinaharibika.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, anza na `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Kilichoguswa mwisho kitakuwa kwenye `/var/log/apt/history.log`, pamoja na saa na amri yenyewe.