Mbaazi za nazi na vita ya Nduli: kwa bibi wa mbaazi, Ngamiani, Tanga

Madereva wenzangu mnaopakia bandarini Tanga, asubuhi msikae na biskuti ndani ya kebini. Gari liache huko huko (lori huliingizi Ngamiani, utakwama na utatukanwa), panda bodaboda, mwambie akupeleke nyuma ya soko la Mgandini kwa bibi wa mbaazi. Kibao hamna. Utaona benchi mbili nje zimekaliwa na wazee, na sauti zao utazisikia kabla hujashuka kwenye pikipiki.

Nianze na chakula, maana ndicho nilicholipia. Mbaazi ni za nazi ya kukuna, si ya paketi. Anazibandika usiku kwenye mkaa, kufika alfajiri zimelainika hadi ganda hulisikii mdomoni, lakini punje iko nzima, na tui limeganda juu zito zito. Mahamri yana iliki ya kweli, yamevimba, ukiyapasua ndani mna nafasi ya kutia mbaazi. Bakuli 1,000, hamri 200, chai ya maziwa 500. Kwa bei hiyo Dar es Salaam utapewa maji ya kunawa.

Chai ndiyo ugomvi wangu na bibi. Sukari anaitia ndani ya sufuria, kwa hiyo hakuna cha kupunguziwa. Ukilalamika anakuuliza unaumwa nini, mbele za watu.

Huduma inategemea mjadala. Kijana anayehudumu ni mjukuu wake, mwepesi na ana adabu, ila wazee wakishawaka anasimama katikati na sahani mkononi anasikiliza. Mahamri yangu yamewahi kupoa hivyo, nayaona kwa macho, siyafikii. Na wazee wanawaka kila siku, kwa jambo lile lile: vijana wetu waliofia Uganda kwenye vita ya kumng'oa Nduli Idi Amin, walikufa kwa faida au la?

Wapiganaji wakuu ni wawili. Mmoja wanamwita Afande. Alikwenda na mgambo, akavuka Mutukula Januari 1979, akafika Kampala Aprili kwa miguu. Mimi njia hiyo naimaliza kwa saa chache, karatasi zikikaa sawa mpakani. Wa pili ni Karani, alikuwa karani wa shamba la mkonge, na bado anaongea kama anasoma daftari la mishahara.

Karani hana tatizo na Kagera yenyewe. Amin aliingia Oktoba 1978, akashika ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, akavunja daraja la Kyaka, akaua raia. "Pale hata mimi ningekwenda," anasema. Ugomvi wake unaanzia ng'ambo ya mpaka. Kampala tuliiteka Aprili 11, 1979. Amin akakimbia zake, akaja kufia Jeddah mwaka 2003, kwa maradhi, si kwa risasi. Desemba 1980 uchaguzi ukamrudisha Obote, rais yule aliyepinduliwa na Amin, kisha Waganda wakauana Luwero mpaka Museveni alipoingia Januari 1986. Na Julai 1979 kule Monrovia, kwenye mkutano wa OAU, marais wenzetu wa Afrika wengine wakatusema sisi badala ya kutushukuru. "Sasa yule kijana wa Pangani aliyefia Lukaya," anauliza, "alimfia nani?"

Akimaliza hapo anahamia nyumbani. Baada ya vita Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. "Mimi mkanda wangu uliisha matundu, na miezi haijaisha." Halafu foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na mkonge ulivyokufa. Kwenye mkonge anachanganya mambo, bei ilikuwa imeshaanguka kabla ya vita, lakini ukimkatisha anaanza upya tangu Kyaka.

Afande hapigi kelele. Anasubiri, anavuta kikombe. "Mwizi ukimtoa chumbani ukamwacha ukumbini, wewe utalala?" Amin alikuwa na ndege zinazopiga Bukoba, alishatangaza kwamba Kagera ni yake, na Gaddafi akamletea Walibya wa kumsaidia. Kusimama mtoni maana yake ni kumsubiri arudi. Hapo mimi niko naye. Atakayebisha aende akaone mto ule ulivyo, aniambie angeulinda vipi miaka yote.

Siku nyingine Karani alikuja na silaha mpya. Alimuuliza Afande kuhusu Wahindi walioshushwa hapa hapa Tanga Novemba 1914. Askari kama 8,000 wa jeshi la Mwingereza, wametolewa Bombay kwa meli, wakapigwa na kikosi cha Mjerumani cha watu kama 1,000, wengi wao Waafrika, na nyuki nao wakaingia vitani. Waliokufa makaburi yao tunayo mjini. "Wale nao walikuwa na sababu? Au unadhani Bombay wanawakumbuka kwa chai?" Afande akajibu wale walitumwa na mkoloni, sisi tuliitwa na nchi yetu. Jibu zuri, nilitaka kumlipia hamri. Karani akageuza shingo polepole: "Wewe uliitwa, au ulikusanywa?" Benchi zima likaangua kicheko, na Afande mwenyewe akacheka, maana mgambo wanajua walivyopatikana.

Kijana mmoja wa bodaboda naye akachomeka la kwake. Bomba la mafuta linatoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Bila vita ile, alisema, Uganda isingekuwa jirani wa kushika naye bomba, kwa hiyo wale askari ndio waliolilipia. Karani hakumwangalia hata. "Kwa hiyo walikufa ili wewe upate kibarua cha kuchimba mtaro?" Kijana akalipa, akawasha pikipiki.

Na mimi wakaniuliza, maana wanajua mizigo naishusha Masaka. Nikawaambia nilichoambiwa huko na mama mmoja anayeuza matoke karibu na ninapoegesha. Alikuwa msichana mwaka ule. Aliniambia mlitutoa kwa Amin, Mungu awalipe, na mji wetu mkatubomolea kwa mizinga. Yote mawili aliyasema kwa pumzi moja huku anarudisha chenji. Afande akaitazama meza. "Masaka ilikuwa hasira," akasema. "Tulishaona Kyaka walivyoifanya." Hakuongeza neno, na kwa mara ya kwanza Karani hakumfukuzia.

Nikiulizwa mimi, damu ya kufika Kampala haikumwagika kwa upuuzi. Iliyofanyika baadaye mezani, wanasiasa wakigombea kiti, ndiyo iliyoichezea. Hilo askari hakulifanya, na Karani hukubali nusu akishashiba.

Sasa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya Afande, kuna picha ya mume wa bibi. Ni picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka ikawa chenga, kofia ya jeshi imekaa upande kidogo, na kona ya chini unyevu umepita kwenye kioo ukala kola yote ya shati. Wazee wanabishana chini yake kila siku na bibi hanyanyui kichwa kwenye karai. Mara moja tu nimemsikia. Karani alikuwa anatoa hesabu yake ya kitabuni, kwamba askari wetu waliokufa ni 373, na waliouawa na adui mapiganoni ni 96 tu, waliobaki ni ajali na maradhi. Bibi akaweka mwiko chini.

"Wangu yumo kwenye hao waliobaki. Lori lilipinduka, hata Masaka hawajafika. Haya, huyo mnamtia upande gani?"

Afande akasema ni shujaa, dada yangu, amelala Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Bibi akamwambia hilo analisikia kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, redioni, yeye kamuuliza Karani. Karani, mtu wa majibu, akakosa. Bibi akarudi kwenye mafuta yake, akageuza mahamri, akamtuma mjukuu aondoe bakuli tupu.

Tangu siku hiyo huwa ananiuliza nikitoka safari kama nimepitia Muleba, na barabara ya Kaboya ikoje siku hizi. Namwambia ni lami, na pale ni eneo la jeshi, si mahali pa kusimamisha lori na kuanza kupiga picha. Anataka kwenda. Ni kuivuka nchi nzima kwa basi, na magoti yake hayamtaki. Kama kuna dereva wa basi la Bukoba anayesoma hapa, hilo nalo ni biashara, mzungumze.

Mengine ya kujua. Hana lipa namba, beba pesa taslimu, na noti ya elfu kumi asubuhi atakutazama nayo vibaya. Benchi la kushoto mguu mmoja ni tofali, usikae mwisho. Kufika saa nne mbaazi zimekwisha, anamwaga maji mlangoni kuwafukuza wazee, na kweli wanaondoka. Ijumaa kuna supu ya pweza, ila wanaipata wanaotoka alfajiri msikitini, wewe wa bandarini usijisumbue. Choo kipo uani, kisafi, ufunguo anao mjukuu. Nampa nyota nne, na hiyo moja akiitaka aniwekee sukari pembeni.