TAHADHARI: Anayekuuzia "kisiwa cha wapendanao" Ukerewe anakuuzia picha za baharini

Wana Mwanza wenzangu, na wote mnaopanga kuja kanda ya ziwa na wenza wenu, someni hii kabla hamjatuma hata mia. Kuna watu wanapokea malipo ya nyumba za kulala wageni ambazo hazipo. Wanazitangaza Instagram na Facebook kama "villa za fungate" kwenye kisiwa kidogo jirani na Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Mimi nimewatumia 540,000. Nilifika Nansio, mji wa bandari wa Ukerewe, na mke wangu, mabegi mkononi, hakuna boti, hakuna villa, simu haipatikani.

Jina la ukurasa wao siliandiki kwa sababu wameshalibadilisha mara mbili tangu siku hiyo, ukilitafuta hulipati. Nitaeleza walivyonifanyia, maana jina linabadilika lakini mbinu ni ileile.

Mwezi uliopita tulitimiza miaka 10 ya ndoa. Tulipooana hatukwenda fungate. Hela yote iliishia kwenye ukumbi na chakula, na siku ya nne nilikuwa kazini. Nilimwahidi mke wangu kwamba iko siku tutakwenda mahali penye maji na utulivu, sisi wawili tu, watoto wabaki kwa bibi yao. Hiyo ahadi nimeibeba miaka yote. Kwa hiyo nilipoliona lile tangazo, kitanda chenye maua ya waridi yaliyopangwa umbo la moyo, vijumba vya makuti juu ya maji, usiku mmoja 200,000, niliona siku imefika.

Niliandika saa mbili usiku. Jibu lilikuja papo hapo, kutoka kwa mtu aliyejiita dada wa mapokezi. "Karibu sana kaka, hongereni kwa kufikisha miaka 10." Halafu swali lake la pili likawa hili: "Shemeji anajua au ni sapraizi?" Nikamwambia ni sapraizi. Akajibu, "Safi sana. Basi usimwambie mtu yeyote, habari huwa zinavuja. Sisi tutamwandalia maua na keki, wewe mlete tu."

Naomba msome tena hapo. Wakati ule niliona ni ukarimu. Leo najua ndipo aliponifungia mlango. Mke wangu ana shangazi yake Bukindo, hukohuko Ukerewe, na tangu yuko shule ya msingi alikuwa akipelekwa kule likizo. Ningemtajia tu jina la hicho kisiwa angeniambia dakika ileile kwamba hakijui. Kazini kwetu kuna Wakerewe wawili, nakaa nao meza moja, sikuwauliza. Tapeli hakumjua shangazi wala hao wenzangu. Alichojua ni kwamba mwanaume anayemwandalia mkewe zawadi ya siri haulizi mtu.

Kisha hela zikaanza kuvutwa kidogo kidogo. Kwanza kianzio, nusu ya usiku tatu, 300,000. Nikasema nitalipa kesho nikitoka kazini. Akasema kuna wachumba kutoka Shinyanga wanazitaka tarehe hizohizo, ananishikilia nafasi mpaka saa nne usiku tu. Nikatuma. Siku mbili baadaye ikaja boti ya kutuchukua Nansio, 150,000, "boti yenu peke yenu, hamchanganywi na abiria". Nikatuma. Siku moja kabla ya safari ikaja 90,000 ya "kibali cha kulala kisiwani", ambayo ningerudishiwa wakati wa kuondoka. Nikatuma na hiyo. Ukishatoa 450,000 moyo haukubali kuiacha ipotee kwa sababu ya 90,000, na wao hilo wanalijua vizuri.

Mara zote tatu simu ilinionyesha jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri. Lilikuwa jina la mwanaume, namba ya mtu binafsi. Niliuliza. Nikajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu kaka, Lipa Namba ya ofisi inafanyiwa marekebisho wiki hii." Nikakubali. Kama kuna sehemu moja ambayo nilipaswa kusimama, ni hiyo.

Ijumaa tukapanda meli Bandari ya Kaskazini. Saa tatu hivi majini. Nilimwambia mke wangu tunakokwenda tukiwa katikati ya ziwa, nikampa simu aone picha. Alifurahi, akanishika mkono. Baadaye akairudia picha moja, akaiangalia muda mrefu. Akaniuliza taratibu, "Hivi huyu si kiti cha pweza?" Pembeni ya mguu wa binti aliyekuwa kwenye picha, mchangani, kulikuwa na kiti cha pweza. Yule mnyama wa umbo la nyota, wa maji ya chumvi. Ziwa letu ni maji baridi, hakuna kiti cha pweza humu tangu lilipoumbwa. Nikampigia yule dada wa mapokezi palepale. Akapokea, sauti nzuri, "Tunawasubiri kaka, boti ipo gatini." Hiyo ndiyo mara ya mwisho namba ile kupatikana.

Pale Nansio tuliulizia kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na gati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta wapi?"

Nikamweleza: kisiwa kidogo karibu na Ukara, kile kisiwa kingine kaskazini mwa Ukerewe, dakika 15 kwa boti kutoka hapa.

"Ukara? Ukara haipandiwi hapa mwanangu. Ukara mnakwenda Bugolora, kule upande wa kaskazini, ndiko kwenye kivuko. Hizo dakika 15 kutoka Nansio kakwambia nani?"

Alituangalia mabegi yetu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema Jumamosi iliyopita alikuja kijana na mchumba wake kutoka Kahama wakauliza hivyohivyo, na yule binti alikaa pale akalia mpaka meli ya kurudi. Ndugu zangu, fedha yangu iliniuma, lakini nilipolisikia hilo la yule binti ndipo nilipoamua kuandika.

Mke wangu hakunilaumu. Alimpigia shangazi, tukapanda bodaboda hadi Bukindo, tukala ugali wa muhogo na sato, tukalala huko siku zote tatu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Wale wa Kahama hawakuwa na shangazi.

Niliporudi nililisoma tangazo upya, neno kwa neno, na kila kitu kilikuwa wazi. Liliandikwa kwamba "jioni maji yakikupwa mnatembea mchangani mpaka mwamba wa pili". Ziwa Victoria halikupwi wala kujaa kama bahari, mtu wa Mwanza yeyote analijua hilo. Maji kwenye picha ni ya samawati ya kung'aa, chini mchanga mweupe, minazi imeinamia maji. Fukwe zetu zina uzuri wake: mawe makubwa ya granite yaliyobebana, maji ya kijani, magugu maji yakisukumwa na upepo, na usiku ukiangalia ziwani unaona taa za wavuvi wa dagaa kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Nikaiweka ile picha kwenye utafutaji wa picha wa Google. Ilitokea kwenye matangazo ya hoteli za Maldives, kurasa na kurasa. Kazi ya dakika moja, nimeifanya baada ya kuibiwa.

Tangazo lilisema pia "ogelea saa zote, maji ni salama". Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kichocho kipo kwenye ziwa letu, hasa kandokando kwenye majani na maji yaliyotulia, na maeneo mengine kuna mamba na viboko. Mwenyeji wa kweli ukimuuliza kuhusu kuogelea anakuonyesha wapi watu wanaoga na wapi hapafai. Hatakuambia popote, saa yoyote.

Na ile boti. Hata kama ingekuwepo, nilikuwa nimemlipia mke wangu boti nisiyoijua, ya mtu nisiyemjua, bila kuuliza kama ina majaketi okozi. Kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la Ukara, kikitokea Bugolora, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kuna nyumba kule mpaka leo zinahesabu waliopungua. Ukiambiwa "boti binafsi" huku ziwani, uliza ni ya nani, inatokea gati gani, inabeba wangapi, na jaketi la kila mtu liko wapi. Tapeli atachanganyikiwa kwenye swali la gati, kama huyu alivyoitaja Nansio kwa safari ya Ukara.

Kwa wanaotaka kweli kwenda kisiwani na wapenzi wao, msikate tamaa, ila chagueni mahali kwa kuanzia chini, siyo kwenye picha. Ukerewe Nansio kuna nyumba za wageni za kawaida, safi, bei ya kueleweka, unafika unaangalia chumba, unasikiliza kama kuna kelele za baa, unafungua bomba uone maji, ndipo unalipa. Meli inakufikisha, na kwa gari unaweza kupita Bunda hadi Kisorya ukavuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Siku moja tu inakutosha? Kisiwa cha Saanane kipo hapohapo Mwanza mjini, mbele ya Capri Point, hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18, dakika chache kwa boti, mnakaa juu ya mawe mnaangalia jua linazama na pimbi wanapita pembeni. Mwenye uwezo zaidi kuna Rubondo, upande wa Geita, hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa chenye msitu, sokwe na nzohe, watu ni wachache mno. Hizo mbili ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na malipo ya serikali yanakwenda kwa kontro namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Mtu akikuambia utume kiingilio cha hifadhi kwenye namba yake ya M-Pesa, kata simu.

Kwa mahali pa watu binafsi, fanya hivi kabla ya kutoa kianzio. Omba simu ya video, siyo video iliyorekodiwa. Mwambie atoke nje ya chumba akuonyeshe njia mpaka maji yalipo, na akuonyeshe jirani. Mimi niliomba, nikaambiwa mtandao wa kisiwani ni hafifu, wakati meseji zake zilikuwa zinaingia kwa sekunde. Muulize jina la kijiji na kata, kisha mtafute mtu mmoja tu wa kule umuulize. Mmoja anatosha. Mwanza hii hakuna mtaa usio na Mkerewe, kuanzia Kirumba mpaka Igoma. Biashara ya malazi huwa na leseni, mwambie akutumie picha yake, na jina lililo kwenye leseni lifanane na jina linalotokea kwenye simu unapolipa. Majina yakipishana usitume, hata akikuletea mhasibu, mjomba au askofu.

Na wanaume wenzangu, sapraizi ni jambo zuri, ila ifiche kwa mke wako tu. Mwambie dada yake, mwambie rafiki yake, mwambie mama mkwe. Muuzaji anayekuhimiza usimwambie mtu yeyote, huyo mkimbie.

Aliyekwisha kutuma, usikae na aibu nyumbani. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako palepale, kila dakika ina thamani. Mimi nilipiga baada ya siku mbili nikaambiwa hela zote zilitolewa siku zilizoingia. Usifute meseji hata moja, hata zile za matusi ulizomwandikia kwa hasira. Nenda kituo cha polisi na namba za miamala, utoe maelezo, uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Hili ni kosa, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na ile namba ya tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040, ndiyo njia iliyowekwa kwa namba za utapeli.

Mimi RB ninayo. Nimeambiwa kituoni kwamba shauri linapata nguvu wakijitokeza walalamikaji wengi wa namba ileile. Kama wewe ndiye uliyetoka Kahama na mchumba wako, au ulilipia boti ya Nansio ambayo haikuja, andika hapa chini kwamba upo, bila kuweka namba yako hadharani, nami nitakutafuta inboksi tuunganishe maelezo. Ukurasa wao mpya umefunguliwa wiki hii. Jina jingine, bei imeshuka hadi 150,000, lakini kitanda ni kilekile chenye moyo wa waridi, na kwenye picha ya tatu, mchangani karibu na mguu wa yule binti, kiti cha pweza bado kipo.