Miche yenye wavu mizizini: nyota moja, na hata hiyo naifikiria

Nianze na wavu, maana ndio ulionikalisha chini kuandika. Kama umewahi kununua mche wa lavenda ukapendeza wiki tatu, halafu ukaanza kugeuka kijivu kutokea chini huku unajilaumu mwenyewe, nenda kauchimbue. Sentimita mbili tu chini ya uso wa udongo utagusa kidonge kigumu cha vumbi la makumbi, kimevikwa kitambaa chembamba chenye matundu kama chandarua. Kimekaa pale pale kilipokaa siku ya kwanza. Kila mzizi uliojaribu kutoka umebanwa shingoni.

Miche niliiagiza kutoka kitalu kimoja kinachouza mtandaoni, miezi miwili mitatu iliyopita, tarehe kamili haisaidii mtu. Ukubwa wa vikopo na rangi za maua viko kwenye ukurasa wao, sina haja ya kuvirudia. Kwenye boksi kulikuwa na miche 12: lavenda minne, rozmari miwili, thaimu miwili, akilea miwili, mnanaa mmoja na pelagoniamu mmoja wenye harufu ya waridi. Lavenda mitatu imekufa. Rozmari mmoja umekufa. Yote minne ilikuwa na wavu.

Wavu una kazi yake kitaluni, sikatai. Mashine inaujaza vumbi la makumbi au mboji ya kinamasi, mtu anachomeka kipandikizi, mizizi ikitoka anahamisha kidonge kizima bila kumwaga hata chembe. Kwa ua la msimu mmoja, litakalochanua na kufa ndani ya miezi michache, si neno. Lakini lavenda na rozmari ni vichaka vya miaka. Mizizi yake huanza kama nyuzi, inapenya matundu bila taabu. Kisha inataka kunenepa. Ndani inanenepa, nje inanenepa, pale kwenye tundu inabaki kiuno cha nyigu, na maji hayapiti vizuri. Mmea unaishi kwa akiba ya majani yake hadi jua likaze, halafu unaanguka ndani ya siku mbili, na wewe unadhani ni wadudu.

Hiyo ni nusu ya balaa, nusu nyingine ni maji. Kidonge ni laini kama unga, na udongo unaofaa lavenda ni wa chembe kubwa. Unga huo hunyonya na kushikilia maji wakati mchanga ulioko pembeni umeshayaachia, kwa hiyo shingo ya mche inakaa imelowa siku nzima hata kama bustani yote ni kavu. Hapo ndipo ukungu wa kuozesha mizizi unapoingia. Sasa geuza: kiache kidonge kikauke kabisa mara moja tu. Kinasinyaa, kinaachana na udongo, na maji unayomwaga yanateremka ubavuni bila kuingia ndani. Unamwagilia kila jioni, chungu kinavuja chini kama kawaida, na mche unakufa kwa kiu katikati ya tope.

Kujua lipi limekupata, chomoa mche na uvute mzizi mmoja kwa kucha. Ukiwa wa kahawia, ganda likavuka kama soksi na kubaki uzi, umeoza kwa maji. Ukiwa umekauka na unakatika kama kijiti, na ndani ya kidonge kuna vumbi linalopeperuka, ni kiu. Yangu yote minne ilikuwa vumbi.

Hapo nikawaandikia. Picha tatu: mche, kidonge kilichopasuliwa, wavu ukiwa peke yake juu ya karatasi nyeupe. Jibu la kwanza: "Ndugu mteja, umemwagilia maji mengi." Nikawarudishia picha ya vumbi. Jibu la pili, kutoka kwa mtu mwingine au huyo huyo mwenye hasira: "Basi umemwagilia machache." Nikauliza swali moja tu, kwa nini kuna wavu. Jibu: "Wavu unaoza wenyewe ardhini, kuwa na subira. MIMEA HUFA." Kwa herufi kubwa hivyo hivyo. Jamani, subira ya nini, na mche ni kuni?

Na si kweli kwamba unaoza. Zipo nyavu za karatasi zinazooza, tena mapema. Ukitaka kupima, lowesha kipande, kisugue kati ya vidole viwili. Karatasi inalegea na kukatika. Wa kwao nimeulowesha, nimeusugua, nimeuvuta kwa mikono miwili, ukaniachia alama vidoleni na kurudi umbo lake. Huo ni plastiki, waupake jina lolote watakalo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Thaimu ilikuja bila wavu, mizizi myeupe, imejaa kikopo bila kujizungusha. Nimeipanda kwenye udongo ule ule, siku ile ile, na leo kila mche umetanda upana wa sahani. Pelagoniamu ni wa ajabu zaidi. Ukipitisha mkono tu harufu inabaki kiganjani hadi jioni, na shina lilikuwa nene kiasi cha kukatwa vipandikizi mapema. Akilea ni akilea, hata ukiukanyaga unarudi. Kwa hayo matatu peke yake ningewapa nyota tatu, na dakika hii mkono unataka kuzibonyeza.

Lakini kuna kadi.

Ndani ya boksi kuna kadi moja ya maelekezo kwa mimea yote 12. Inasema mwagilia kila siku, weka kokoto chini ya chungu, tia mbolea kila wiki, panda penye kivuli kidogo. Mnanaa utafurahi. Lavenda, rozmari na thaimu ni mimea ya milima mikavu yenye mawe. Inataka jua kwa muda wa saa sita kwa siku kwa uchache, na maji hadi yatoke chini, kisha kusubiri mpaka udongo wa juu, sentimita nne au tano, ukauke kabisa. Chomeka kidole, usiangalie uso tu. Mbolea ya kila wiki, hasa yenye naitrojeni nyingi, inaleta matawi marefu, laini, yasiyo na harufu, na vidukari juu yake. Mimi huchanganya mboji kidogo wakati wa kupanda, basi, mpaka mwaka mwingine.

Kokoto chini ya chungu ni uongo wa siku nyingi na sijui nani ataufuta. Maji hayateremki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama pale mpakani mpaka udongo ulio juu ujae. Kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza sehemu yenye maji karibu zaidi na mizizi. Kokoto zako zichanganye ndani ya udongo au uzitandaze juu, kuzunguka shina, ambako zinazuia majani ya chini yasilowe. Mchanganyiko unaofaa kwa hii mitatu: sehemu mbili udongo wa bustani uliochekechwa pamoja na mboji, sehemu moja mchanga wa chembe kubwa au changarawe ndogo ya milimita mbili hadi nne. Udongo ukiwa mfinyanzi, fanya nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Ukimwaga maji yakasimama juu kama kidimbwi, bado hujafika.

Kadi hiyo pia imeandika "Lavenda" tu. Lavenda ipi? Hili si jambo la kujionyesha msomi. Lavandula angustifolia, yenye majani membamba yasiyo na meno, inastahimili baridi kali na hutaka msimu wa baridi ili ichanue vizuri. Lavandula dentata, yenye majani yaliyochongwa meno pembeni, hustahimili joto na huchanua muda mrefu, lakini barafu inaiua. Mtu wa penye joto akiuziwa ya kwanza atakaa na kichaka cha majani, akisubiri maua yasiyokuja. Ni mbuzi kwenye gunia. Kwa kutazama majani, yangu ilikuwa dentata miwili na angustifolia miwili, imechanganywa, kibandiko kimoja. Rozmari ndiyo walioiandika kwa jina kamili, Rosmarinus officinalis. Wataalamu waliihamishia kwenye ukoo wa Salvia mwaka 2017, sasa ni Salvia rosmarinus, ila kwa hilo siwalaumu, jina la zamani bado liko kila mahali.

Zawadi nayo. Pakiti ya "mbegu za pepaminti". Pepaminti ni chotara cha mnanaa wa majini na mnanaa wa kawaida, na kwa kawaida hauzai mbegu za kuota. Unazalishwa kwa kukata vipande vya shina linalotambaa chini ya udongo, vyenye vifundo viwili au vitatu. Mtu akikuuzia mbegu zake, kitakachoota ni mnanaa mwingine, mara nyingi hata harufu yake ni hafifu. Ni bure, lakini uongo wa bure ni uongo pia. Nimeshuka hadi nyota mbili.

Kama umeshanunua kwao, au popote, usisubiri mmea ulalamike. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya shina. Ukihisi donge, fanya hivi leo jioni, jua likiwa limepoa. Zamisha donge lote la mizizi kwenye ndoo ya maji dakika 20, hadi mapovu yaishe. Mlaze mche ubavuni, uchane wavu kwa mkasi mdogo kutoka juu hadi chini, pande mbili zinazotazamana. Menya kinachomenyeka. Pale mzizi ulipopenya usivute, utaukata. Zungushia mkasi, ukate nyuzi za tundu lile tu, vipande vingine viache. Kisha tikisa vumbi la nje kwa vidole, robo yake hivi, ili mizizi iguse udongo halisi. Yaliyo kahawia na laini kata.

Panda uso wa donge ukiwa sawa na udongo au juu kidogo, sentimita moja, kamwe usiuzike. Punguza matawi kwa theluthi moja maana mizizi imepungua, lakini kata kwenye sehemu yenye majani. Lavenda ikikatwa kwenye mti mkavu usio na jani, kwa kawaida tawi hilo halichipui tena. Rozmari ni hivyo hivyo. Mwagilia mara moja kwa wingi, weka kivuli cha mchana siku tatu au nne, halafu uache.

Lavenda wangu wa nne niliuokoa namna hiyo. Ulikuwa umeshaanza kijivu upande mmoja. Wiki ya pili haukuonyesha kitu. Ya nne, au ya tano, vichipukizi vikaanza kutoka kwenye matawi yaliyobaki mabichi. Rozmari wa pili pia umepona, na tayari nimeukata vipandikizi sita vya bima: matawi yasiyo na maua, sentimita 8 hadi 10, yamekatwa chini tu ya kifundo, majani ya nusu ya chini yameondolewa, yamechomekwa kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu. Wiki tatu hadi sita vinashika. Ukivuta kidogo kikakataa kutoka, kina mizizi. Hakuna wavu uliohitajika, wenzangu wa kitaluni.

Mnanaa haukujali wavu, na hilo lisiwadanganye. Unatuma mashina mapya juu ya donge na kukimbia zake, tena uufungie kwenye chungu chake, usije ukala bustani yote.

Sasa nyota. Nilikuwa nimeandika mbili, nikarudi kwenye tatu kwa sababu ya pelagoniamu, kwa kweli sijapata kuona mche wa kuagiza mtandaoni wenye afya hivyo. Na baada ya mzunguko wote ule wa majibu, mtu mmoja wa tatu aliniandikia kwa adabu, akasema samahani, akaahidi lavenda mitatu ya fidia bila gharama yoyote. Nikasema, haya, watu wanakosea, labda ni mzigo mmoja mbaya.

Boksi la fidia limefika. Sikutoa hata mche mmoja kwenye kikopo. Nimebonyeza kidole gumba chini ya shina la kwanza, la pili, la tatu.

Donge, donge, donge. Na kadi ile ile.