Kengele tatu za moshi na kaboni monoksaidi: uzoefu wangu, Ilazo, Dodoma

Mwezi wa nne nilifungiwa kengele tatu za moshi na kaboni monoksaidi (ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa), zile zinazotumia umeme wa nyumba na zina betri ya akiba ndani. Nyumba ni ya vyumba vitatu, dari la jipsamu. Kengele zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi ni ufungaji.

Kwanza, dukani geuza kifaa usome nyuma. Nilichoonyeshwa mwanzo kilikuwa cha Marekani, volti 120, na muuzaji ananiambia "kinapiga kazi tu hicho, dada". Umeme wetu ni volti 230. Nikamrudishia, nikachukua vya 230.

Fundi alikuwa msafi. Alipitisha waya zote juu ya dari, hakutindua ukuta hata mmoja. Kila kengele inapelekewa waya wa moto (unaoleta umeme), wa nyutro (unaourudisha) na wa tatu wa kuziunganisha, ili ikilia moja zilie zote. Moja alitaka aiweke jikoni. Nikakataa, ingelia kila tukikaanga vitunguu. Jikoni hufungwa cha kutambua joto. Zangu ziko sebuleni, koridoni na chumba cha wageni, zaidi ya sentimita 30 kutoka ukutani, kama kijitabu kinavyotaka.

Akabonyeza kitufe cha majaribio, zote zikapiga kelele, mbwa wa jirani akaitikia. Nikalipa.

Usiku nazima taa ya koridoni, naona na kile kitaa cha kijani cha kengele, kinachoonyesha inapata umeme wa nyumba, kimezimika. Nikawasha taa, kikawaka. Nikazima, kikazimika. Kumbe moto aliuchukua kwenye waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye balbu! Yaani kila tukilala, kengele zote tatu zinabaki kutegemea betri. Na kitufe cha majaribio kisingenionyesha hilo, maana hata kwa betri zinalia vilevile.

Asubuhi nikampigia. "Lakini mama, si zinalia?" Akabisha, mwishowe akaja, akazima breka, akauhamishia kwenye moto wa kudumu, usiokatwa na swichi, wa sakiti ileile ya taa. Hapo hakukosea kubaki nayo: breka ya taa ikianguka utajua jioni ileile. Kosa langu ni kutomwuliza leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajapanda ngazi.

Julai akaja mama mkwe kutoka Kongwa. Baridi ya Dodoma ya mwezi huo mnaijua. Tulipomaliza ugali na mlenda, akalichukua jiko la mkaa akaingia nalo chumbani, akafunga mlango na dirisha. Hata saa nzima haikupita, nyumba nzima ikalia. Nafungua mlango, makaa mekundu, hakuna hata uzi wa moshi. "Mwanangu, mkaa umeshika vizuri, moshi wenyewe uko wapi?" Ndiyo ubaya wake: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mkaa ulioshika bado unaitoa. Tukatoa jiko nje, tukafungua madirisha, mama tukamkalisha barazani na kanga mbili. Alilalamika kichwa kidogo, kikaacha. Kengele haikulia mara moja kwa sababu hupima kiasi cha gesi na muda: gesi ikiwa sehemu 50 kwa kila milioni za hewa (ppm), huchukua saa moja hadi saa moja na nusu kulia; ikiwa 300, haizidi dakika tatu.

Kero iliyobaki ni vumbi. Agosti, upepo ukivuma, ya sebuleni ililia saa nane za usiku bila sababu. Sasa kila mwezi nazima breka na kuzisugua vitundu kwa brashi laini ya rangi, mpya. Nyuma pia pameandikwa tarehe ya kuzibadilisha. Nimeiandika kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati la mita ya LUKU.

Mama mkwe aliporudi Kongwa aliniagiza yake. Kwake umeme haujafika, kwa hiyo namtafutia ya betri tupu.