Mrs. Doubtfire jukwaani: tiketi ya mbele, kiti cha nyuma ya nguzo

Naanza na kijana wa mlangoni, maana ndiye aliyenikera. Tuliwahi kufika, mimi na mama, tiketi za mbele mkononi, shilingi 30,000 kila moja. Tumeshakaa, mama ameshavua viatu. Kijana huyo anakuja, shikamoo hakuna: "Bimkubwa, inuka, hapa pa wageni." Mama ana miaka 70 na ushee, na magoti yake tunayajua. "Mwanangu, tumelipia." "Nimesema inuka." Tukasogezwa pembeni kabisa, viti vya plastiki, nguzo mbele yetu. Wageni wenyewe walikuja nusu ya mchezo, mmoja akashinda kwenye simu!

Sasa filamu. Ile ya 1993 tuliiangalia Magomeni kwenye deki mpaka mkanda ukachakaa. Robin Williams, ameachwa na mkewe, anajigeuza bibi kizee ili awe yaya wa wanawe mwenyewe. Kiingereza hatukukijua, lakini akishapoteza ile sura ya bandia na kutumbukiza uso kwenye keki, mkalimani wa nini? Mama alikuwa akicheka huku kashika ukuta. Na yeye aliachika miaka hiyohiyo.

Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, wameifanya mchezo wa nyimbo, 2021. Hili letu ni la kikundi cha hapa Dar, kwa Kiswahili. Keki ilikuwa povu la kunyolea, likaporomoka kabla hatujacheka. Kipaza sauti kikakoroma. Nikasema moyoni, nyota moja, tena ya huruma.

Kumbe pale pembeni unaona nyuma ya pazia. Ikafika sehemu ya mgahawani, jamaa anatakiwa awe watu wawili usiku mmoja. Wa mbele waliona bibi katoka, baba kaingia. Sisi tuliona shughuli: wasichana wawili wanagombana na zipu, mmoja ana pini mdomoni, makalio ya sponji yamehamia tumboni, jasho linamtiririka, gauni halijashuka vizuri tayari ameshatoka! "Ona, ona!" mama ananifinya, anacheka kile kicheko cha Magomeni. Filamu ilipata Oscar ya vipodozi, sawa, lakini bibi unaletewa akiwa tayari ameiva.

Kwa hiyo jukwaa limeshinda? Ngoja kwanza. Mwishoni wakawarudianisha mume na mke, vigelegele ukumbi mzima. Kwenye filamu hawarudiani! Baba anapata nafasi ya kuwa na wanawe, basi. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama anatafuta viatu. "Wangewaacha tu," akasema.

Niliweka nyota mbili, nikafuta, nikaweka nne, sasa hivi nimerudisha tatu. Wakati wa kutoka tukampita yule kijana. Mama akasimama. "Asante baba, ulitukalisha pazuri sana."

Hakuitikia.